Namna ya Kuchekwa kwa Kichina, na Namna ya Kusalimika

Kuchekwa kwa Kichina ni kazi rahisi, haina haja ya shahada. Nunua kitabu kimoja cha maneno, kariri 300 ya mwanzo, panda ndege hadi Guangzhou au Yiwu, ingia sokoni, fungua mdomo. Muuzaji atacheka, atamwita jirani yake aje asikie, nawe utabaki na kikokotoo mkononi ukijiuliza umesema nini.

Mwongozo huu una njia saba za kufika huko, na zote ni za uhakika. Kila njia nimeiwekea dawa, kwa sababu wafanyabiashara wetu na vijana wetu wanaosoma China wanastahili zaidi ya kuchekwa. Nia ya kujifunza tunayo: Taasisi ya Confucius iko Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2013. Kinachotukwamisha ni njia tunayopita. Tunajifunza Kichina kwa kukizungukia kupitia Kiingereza, na huku Kiswahili kiko karibu nacho zaidi. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hapitii Dodoma.

Njia ya kwanza: toni iache nyumbani

Kichina sanifu kina toni nne, na nyingine moja hafifu. Mwanafunzi huuliza: "Lazima? Si wataelewa tu kutokana na mazungumzo?" Basi ajaribu dukani. Mǎi, sauti ikizama chini kisha ikiinuka, ni kununua. Mài, sauti ikiporomoka kama ya mtu anayeamrisha, ni kuuza. Umesimama mbele ya rundo la viatu, pesa ziko mfukoni, unatangaza kwamba unauza. Hata kwa maandishi maneno haya ni ndugu: 买 ni kununua, na 卖 ni kuuza, limevikwa msalaba kichwani. Ukiyaunga yakawa mǎimai, unapata biashara.

Mgahawani tāng ni supu, táng ni sukari. Mapokezini, ukitaka kumwambia dada wa watu "nataka kukuuliza," neno ni wèn. Sauti ikiyumba ikawa wěn, umemwambia unataka kumbusu.

Dawa yake ni kuacha kusema kwamba Waswahili mambo haya hatuyajui. Tamka barabára, kisha tamka barábara. Ya kwanza magari hupita juu yake, ya pili ni sifa ya kazi iliyofanywa sawasawa, na kilichohama ni mkazo tu. Kama umelelewa kwa Kikuyu, Kiganda, Kinyarwanda au Kijaluo, una bahati zaidi, maana sikio lako limekulia ndani ya toni. Jifunze neno na toni yake siku ileile, kama unavyojifunza jina la mtu pamoja na sura yake. Anayesema toni atazirudia baadaye hulazimika kujifunza neno upya.

Njia ya pili: hesabu kama uko Kariakoo

Unauliza bei ya machungwa, unaambiwa wǔ kuài. Kitabu kilikufundisha yuán, lakini sokoni watu husema kuài, kama Mtanzania anavyosema buku akiwa na maana ya shilingi elfu moja. Tano, umeelewa. Unapima kilo, unadaiwa kumi, ugomvi unaanza. Bei uliyotajiwa ilikuwa ya jīn moja, na jīn ni gramu 500. Kilo huitwa gōngjīn.

Mlango wa pili una bango la 8折, na muuzaji anasema dǎ bā zhé. Nane umeisikia, unashangilia ukidhani umepunguziwa asilimia 80. Namba inayotajwa ni ile unayobaki nayo ya kulipa: kitu cha yuan 100 utalipa 80. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo nafuu inavyokuwa kubwa.

Kisha kuna wàn, yaani 10,000. Hapa ndipo aliyesomea hesabu kwa Kiingereza hutoa jasho, kwa kuwa amezoea kupanda kwa elfu elfu. Mswahili ana laki mkononi, anajua kwamba namba kubwa zina ngazi zaidi ya moja. Kariri hivi: laki moja ni shí wàn, wàn kumi. Milioni moja ni bǎi wàn, wàn mia. Kabla hujaweka sahihi kwenye oda, andika namba kwa tarakimu mbele ya mwenye kiwanda, akubali kwa macho yake.

Na bei ya 250 usiitamke èrbǎiwǔ. Neno hilo ni tusi, maana yake bwege. Sema liǎng bǎi wǔ, au mtajie 240 kabisa uokoe na pesa.

Wapo pia wanaolalamika kwamba Kichina hakihesabu vitu vitupu, kila kitu kinataka neno lake la kuhesabia. Karatasi, meza na tiketi huchukua zhāng, kwa kuwa zina uso bapa. Samaki, suruali, mto na barabara huchukua tiáo, kwa kuwa ni virefu. Shati huchukua jiàn, na usipojua, ge itakuvusha. Mswahili anayesema mti huu mrefu, kiti hiki kirefu, ua hili refu, bila kufikiri, hana haki ya kulalamika. Ngeli amezinyonya na maziwa ya mama.

Njia ya tatu: mwite kila mtu jina la kitabuni

Vitabu vingi hufundisha xiǎojie kuwa ni jina la heshima la msichana. Lipige kwa sauti katika mgahawa wa Guangzhou, umwite nalo aliyekuletea chai. Kwa miaka mingi sasa, huko China bara, neno hilo limebeba maana ya mwanamke anayeuza mwili. Taiwan bado ni la heshima. China bara mwite fúwùyuán, mhudumu. Au měinǚ, mrembo, ambalo mwanamke yeyote kijana huitwa sokoni bila mtu kudhani anatongozwa.

Lipo na tóngzhì. Wachina waliojenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, waliitana hivyo, kama Watanzania wa siku zile walivyoitana Ndugu. Ndugu limebaki lilipokuwa, tóngzhì limehama. Ndani ya Chama cha Kikomunisti bado ni heshima. Mitaani, tangu mwisho wa miaka ya 1980 kuanzia Hong Kong, limekuwa neno la wapenzi wa jinsia moja kujitajia. Kitabu cha babu kinakufundisha neno la babu.

Dawa yake unayo mdomoni. Dereva wa teksi, mtengeneza mabomba, mpishi wa tambi, wote waite shīfu. Mwalimu wa Kiingereza atatumia sentensi tatu kulieleza neno hilo, nawe unalo kwa neno moja: fundi. Mwenye duka ni lǎobǎn, naye atakuita wewe lǎobǎn, kama Kariakoo ambako muuzaji na mnunuzi wote ni mabosi.

Kwa watu wa makamo, ingia kwenye ukoo. Kiingereza humtupa baba mdogo, baba mkubwa na mjomba katika kapu moja. Kichina, kama sisi, humpa kila mmoja kiti chake: shūshu ni baba mdogo, bóbo ni baba mkubwa, jiùjiu ni mjomba, gūgu ni shangazi. Upande wa mama wapo dàyí, mama mkubwa, na xiǎoyí, mama mdogo. Mama wa makamo usiyemjua mwite āyí, na mwanamume wa rika la baba yako mwite shūshu. Mambo haya wenzetu wa Ulaya huyachorea majedwali, nawe uliyajua kabla ya kuanza shule. Tahadhari ni moja: mwanamke akisema dàyímā wake amefika, anazungumzia hedhi. Usimuulize mgeni atakaa siku ngapi.

Njia ya nne: tafsiri kupitia Kiingereza

Hii ndiyo njia kuu, na wengi wameikanyaga mpaka imekuwa lami. Mwanafunzi anakutana na chīkuī. Chī ni kula, kuī ni hasara. Anaitafuta kwa Kiingereza, anapata maelezo marefu kuhusu kupata madhara katika jambo fulani. Kiswahili kinasema kula hasara, basi, umemaliza.

Kitenzi chī kimetapakaa kama kula yetu. Chīkǔ, kula uchungu, ni kuvumilia taabu. Chīcù, kula siki, ni kuona wivu wa mapenzi. Chī tǔ, kula udongo, ni msimu wa vijana waliomaliza mshahara kwa kununua vitu mtandaoni. Chī guā, kula tikiti, ni kukaa pembeni ukitazama ugomvi wa wengine. Chī dòufu ni kula tofu, na pia ni kumshikashika mwanamke bila ridhaa yake, kwa hiyo usimwambie mama muuza tofu kwamba unataka kula tofu yake. Mtu aliyezoea kula njama, kula kiapo na kula rushwa haoni ajabu yoyote hapo.

Na kuna chumvi. Sisi tunasema mzee fulani amekula chumvi nyingi. Mzee wa Kichina akitaka kumnyamazisha kijana humwambia kwamba chumvi aliyokula yeye ni nyingi kuliko mchele aliokula kijana. Hakuna Mswahili anayehitaji mwalimu wa kumfafanulia usemi huo.

Ndugu wa chī ni dǎ, kupiga. Dǎ diànhuà ni kupiga simu. Dǎ pēntì ni kupiga chafya, dǎ hāqian ni kupiga miayo, dǎ zhēn ni kupiga sindano. Dǎ gōng, kupiga kazi, ni kufanya kibarua au kuajiriwa. Ile dǎ bā zhé ya dukani nayo ni hiyohiyo. Dǎ bāo ni kufungiwa chakula uende nacho, na dǎ chē ni kuchukua teksi. Kupiga picha ni pāizhào, na pāi nako ni kupiga, kwa kiganja. Ukiwapigapiga farasi matako kwa kiganja hicho, pāi mǎpì, umekuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa.

Usijisahau, kwani si kila piga ni dǎ. Kupiga pasi ni yùn na kupiga mswaki ni shuā. Lakini anayeanzia kwenye piga na kula ana nusu ya safari mkononi, na anayeanzia kwenye Kiingereza hukariri kila msemo peke yake, kama mtu anayebeba mchanga kwa kijiko.

Njia ya tano: jibu salamu kama uko polisi

Jirani mzee anakuuliza Chī le ma?, umekula? Unaanza kumweleza ulikula nini na saa ngapi, au unasubiri kukaribishwa mezani. Hiyo ni salamu, na wazee ndio huitumia zaidi. Jibu ni Chī le, nimekula, hata kama tumbo linanguruma, kama mtu mwenye homa anavyojibu kwamba habari za asubuhi ni nzuri. Ukiulizwa Qù nǎr a?, unakwenda wapi, hupelelezwi. Taja upande mmoja, upite.

Sasa fika kwenye neno ninalolipenda kuliko yote: xīnkǔ le. Kiingereza hulieleza kwa kusema "umefanya kazi kwa bidii," na mwanafunzi hubaki anashangaa kwa nini mtu asifiwe kwa kushusha mizigo. Ndani yake imo kǔ, ule uchungu wa chīkǔ. Unamwambia mtu umeiona taabu yake. Ni pole na kazi. Mwambie dereva aliyekuleta, mfagiaji wa ngazi, karani aliyekujazia fomu, na usilihifadhi kwa siku kubwa.

Usizidishe shukrani kwa marafiki pia. Xièxie kwa kila kitu huweka ukuta kati yenu, na rafiki atakukataza: bié kèqi. Kèqi limejengwa kwa neno la mgeni, kwa hiyo anakuambia acha ugeni. Nasi tunajua mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiaga, utaambiwa màn zǒu, nenda taratibu. Si kwamba amekuona una haraka, anakutakia njia salama.

Njia ya sita: okota misimu kwenye simu, uimwage popote

Wenzako wa bwenini wanasema kila kizuri ni niú. Niú ni ng'ombe, na kwa vijana ni hodari, kiboko. Umbo lake refu, niúbī, lina sehemu ya siri ya mwanamke ndani yake. Mwambie profesa kwamba mhadhara wake ulikuwa niúbī, uone darasa linavyonyamaza. Bwenini hakuna atakayegutuka.

Hakuna aliye mjinga hapa. Mwanafunzi amesikia neno kwa masikio yake kutoka kwa wenyeji, na amelisema sawa na toni zake. Alichokosa ni kujua nani anamwambia nani. Kijana wa Nairobi anajua Sheng ya kituo cha matatu haimwamkii bibi, na wa Zanzibar hamsalimu mzee kwa mambo vipi. Ujuzi huohuo ndio unaotakiwa Beijing.

Misimu nayo huzeeka. Gěilì, lenye maana ya kutia nguvu, lilivuma mwaka 2010 hadi Gazeti la Umma likalipa kichwa cha habari ukurasa wa mbele Novemba mwaka huo. Leo ukilisema unaonekana umetoka sandukuni. Namba hudumu zaidi: 666 ni pongezi kwa anayecheza vizuri, 88 ni kwaheri, na 520, wǔ èr líng, ni nakupenda, ndiyo maana Mei 20 wauza maua hufanya biashara.

Misimu mingine inastahili kujifunza kwa heshima, kwa sababu imebeba maisha ya watu. 996 ni kazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, siku sita kwa wiki. Dǎgōngrén, lililoenea mwaka 2020, ni mpiga kazi wa mshahara anayejitaja kwa uchovu na fahari pamoja. Nèijuǎn ni mashindano ambayo kila mtu anazidisha jasho na hakuna anayesogea. Tǎngpíng, la 2021, ni kujilaza chali, kukataa mbio hizo. Ukiyajua manne haya, kijana wa Shenzhen atakueleza moyo wake, jambo ambalo kitabu cha maneno 300 hakiwezi.

Njia ya saba: kasirika kabla hujauliza

Mwafrika anayepanda basi la China mara ya kwanza husikia abiria akisema nèige, nèige, nèige, na damu inampanda, kwa kuwa inafanana na tusi la Kimarekani kwa watu weusi. Wapo waliogombana kwa ajili yake. Neno hilo maana yake ni ile au kile, na Mchina hulitumia akiwa anatafuta neno lililompotea, kama wewe unavyosema nanihii. Yule abiria alikuwa amesahau jina la kituo.

Lǎowài ni mtu wa nje. Lǎo ni lile la lǎobǎn na la lǎoshī, mwalimu. Mtoto akikuelekezea kidole akilisema, kumbuka watoto wa kijijini kwenu wanavyomkimbilia mgeni wakipiga kelele za "mzungu." Tusi la kweli lipo, ni hēiguǐ, yaani pepo mweusi, na hilo una haki ya kulikataa waziwazi na kumwambia aliyelisema kwamba umelielewa. Lakini huwezi kulipinga tusi la kweli kama hujalitofautisha na nanihii.

Dawa ya zote saba

Nunua daftari. Kila neno jipya liandike na toni yake, na mbele yake weka Kiswahili chake, Kiingereza kikae mbali. Kisha jibu maswali matatu: nani hulisema, humwambia nani, wapi. Neno lisilo na majibu hayo bado si lako, usilitoe nje ya nyumba. Ukichekwa, muulize aliyecheka kwa nini, uandike jibu lake papo hapo.

Kwa walimu wetu nina ombi. Radio Peking ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1961. Wachina walitufuata kwa lugha yetu, wakajifunza ngeli zetu. Nasi tuandike vitabu vya Kichina kwa Kiswahili, vyenye piga na kula, fundi na shīfu, shangazi na gūgu, ili mtoto wa Mwanza au Mombasa asilazimike kuzunguka kupitia London ndipo afike Guangzhou.

Nawe msomaji, usisubiri vitabu hivyo. Kesho ukimpita Mchina anayejenga barabara karibu na kwenu, mwambie xīnkǔ le. Ni pole na kazi, na hakuna atakayekucheka.